Daftari la viazi kwenye simu: nianzie wapi?

Mwanafunzi wa Uyole
Habari za leo, ndugu zangu. Mama yangu anauza viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya, na daftari lake la mauzo liliharibiwa na mvua. Ninataka kujifunza kutengeneza programu za simu kwa kumtengenezea daftari kwenye simu yake ya Android, lakini kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 tu na kila nikiwasha emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, inaganda. Je, nitumie lugha ya Kotlin au zana za Flutter, na ni lazima nilipie seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kuhifadhia data?

Fundi wa Mafinga
Karibu, mdogo wangu. Emuleta iache kabisa. Fungua mipangilio ya simu yako, gusa nambari ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi (watengeneza programu) zifunguke, ruhusu utatuzi wa USB, unaoiwezesha kompyuta kujaribia programu kwenye simu, kisha iunganishe na kompyuta kwa waya. Programu yako itafunguka kwenye simu yenyewe. Seva huihitaji, kwa kuwa Android inakuja na SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya simu na kufanya kazi hata pasipo mtandao. Kotlin, ambayo Google iliitangaza kuwa lugha rasmi ya Android mwaka 2017, inakutosha.

Binti wa Tukuyu
Naomba kuongezea. Nilipomtengenezea baba programu ya mauzo ya ndizi, nilihifadhi jumla peke yake, na siku alipoandika 50,000 badala ya 5,000 sikuweza kujua kosa liliingia wapi. Kila mauzo yawe na mstari wake wenye tarehe, kipimo, idadi na bei, na jumla ikokotolewe kutokana na mistari hiyo. Shilingi zihifadhi kama namba kamili, bila desimali. Zaidi ya yote, usiandike ndani ya programu kwamba gunia ni kilo 100, kwa sababu sote tunaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Mwache mama achague debe, gunia au lumbesa kama anavyotamka mwenyewe. Kabla ya kuchora ukurasa wowote, kaa naye sokoni siku nzima utazame anaandika nini kwanza.

Mwanafunzi wa Uyole
Asanteni sana. Jana nilikaa naye hadi jioni, na kumbe kitu cha kwanza anachoandika si bei wala kipimo, bali jina la aliyekopa. Nimeanza na ukurasa wa madeni.