Tupeane uzoefu: gari halina injini, unalisogezaje hapo nyumbani?

Banda la Nyuma (Arusha)
Habari za jioni wakuu. Nina Land Rover Series III, ile fupi, ninaifufua taratibu kwenye banda nyuma ya nyumba. Injini iko nje, na gari linatakiwa litoke ili nimwage zege sakafuni, kisha lirudi ndani. Watu wa kusukuma ninao. Nataka tuzungumze zaidi habari ya kulizuia, maana injini ikitoka huondoka na vizuizi ambavyo hatukuwa tunavihesabu.

Chukua gia. Tumezoea kuegesha mlimani tukiacha gia ya kwanza, na kinacholishika gari pale ni mgandamizo ndani ya silinda. Bila injini, weka gia yoyote uitakayo, shafti ya gia boksi itazunguka bure na gari litateremka. Halafu kwa hizi Land Rover za zamani hendibreki haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), inashika propela shafti ya nyuma, yaani ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukishafungua propela ile, vuta hendibreki mpaka mkono ukuume, gari liko huru. Kwa hiyo kwangu hakuna boliti inayoguswa kabla vipande vya mbao havijakaa mbele na nyuma ya tairi, kushoto na kulia.

Karibuni, kila mtu na gari lake.

DX ya Moro
Mkuu umegusa penyewe. Mimi niko na Corolla DX, mkokoto wa nyuma, yaani magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoendesha gari. Injini ikitoka peke yake, gia boksi inabaki imeshikwa mkiani tu na mdomo wake unainama. Ukilisukuma gari hivyo kila shimo linaitikisa, na maungio yake ndiyo yanayoumia. Ninachofanya ni kulaza bomba la chuma juu, kutoka fenda hadi fenda, na kuining'iniza gia boksi kwa cheni.

Ukichomoa na propela, oili itamwagika kule mkiani ilikokuwa imeingia. Fungia mfuko mzito wa nailoni na mpira wa tyubu, kaza sawasawa. Oili kwenye sakafu ambayo watu wanasukumia gari ni hatari kuliko gari lenyewe.

La mwisho, ufunguo ubaki swichi na stelingi iwe imefunguka. Jirani yangu alisukumiwa gari, stelingi ikajifunga katikati ya geti, na nguzo ya geti ikala mlango.

Mama Spana (Kiambu)
Nyote mnasema magari ya mkokoto wa nyuma. Hapa kwangu nyumbani tunashughulika na ya mbele, na huko kuna jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mwenye gari, nami linanikera sana kwa sababu ni hasara ya bure.

Kwenye magari mengi ya mkokoto wa mbele, beringi ya gurudumu hubanwa na ile nati kubwa ya draivu shafti, shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu. Sivi jointi, kichwa cha shafti hiyo kinachojipinda, inaingia katikati ya habu (kitovu cha gurudumu), nati inakazwa, na hapo ndipo beringi inakuwa kitu kimoja. Sasa fundi anatoa injini na gia boksi, anachomoa shafti zote mbili, analishusha gari chini na kuwaita vijana walisukume. Uzito wote wa mbele umekaa juu ya beringi ambayo haijabanwa. Vipande vyake vinaachana. Miezi baadaye gari limeshafungwa injini nzuri kabisa, linaanza kuvuma kwa mbele, na mwenyewe anaambiwa barabara ni mbovu.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta sivi jointi mbili zilizokufa za gari kama hilo, kata shafti zake, rudisha vichwa vile kwenye habu na ukaze nati. Gari litasukumwa mwaka mzima bila beringi kudhurika. Zangu nazihifadhi kwenye mkebe, na kila anayeniuliza namwazima.

Banda la Nyuma
Asante sana dada. Hili litawaokoa wengi.

Mchanga wa Pwani (Tanga)
Shikamooni wakubwa. Mimi ni Volkswagen Beetle, na ua wetu ni mchanga mtupu.

Beetle inabeba injini nyuma, kama kilo 100 hivi, kwa hiyo ikitoka ni mgongo unaonyanyuka. Kwa zile za ekseli ya zamani, tairi za nyuma zinabadili mkao: chini zinaingia ndani, juu zinatoka nje. Zinatembelea ukingo, na kwenye mchanga ukingo unachimba. Babu yangu alinifundisha kuweka mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja, kwenye sehemu ya mizigo nyuma ya kiti. Tairi zinakaa vizuri na gari linatulia. Raha ya Beetle ni kwamba hendibreki yake ni ya waya hadi magurudumu ya nyuma, kwa hiyo injini ikiwepo isiwepo, inashika.

Mchanga wenyewe tunaushinda kwa mbao ndefu, jozi mbili. Gari likipita jozi ya kwanza, mnaibeba na kuitanguliza mbele.

Mlimani (Mwanza)
Nawapa hesabu, maana huku kwetu kila ua una mteremko. Kwenye zege lililonyooka, tairi zikiwa na upepo wa kutosha, gari la kilo 1,000 linasogea kwa msukumo wa kilo 10 hadi 20. Mtu mmoja anaweza. Ua ukiinama sentimita 5 kwa kila mita, unaongeza kilo 50. Kupanda utazisukuma, na kushuka zitamsukuma aliyesimama mbele. Ndiyo maana mimi simruhusu mtu yeyote asimame upande wa chini wa gari, hata kama ni ndugu yangu anayesema ana nguvu. Tunalishusha kwa winchi ya mkono iliyofungwa kwenye kitu kisichong'oka, na mtu mmoja anatembea ubavuni na kipande cha mbao, kazi yake ni hiyo tu.

Na breki ya mguu msiiamini kama gari lina busta, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Busta inategemea injini, kwa hiyo pedali itakuwa ngumu, itahitaji mguu wa mtu mzima.

Likigoma kuanza kutembea, sukuma tairi kwa juu badala ya bodi. Nguvu ileile inazaa karibu mara mbili. Vidole tu viwe mbali na fenda.

Kibanda Chembamba (Dar)
Wakuu, vipi kulisogeza kiubavu? Gereji yangu haina nafasi ya kukata kona.

Mama Spana
Vigari vya magurudumu madogo, kimoja chini ya kila tairi. Nunua vinavyobeba zaidi ya robo ya uzito wa gari, kwa sababu bila injini uzito haugawanyiki sawa. Nyanyua kwa jeki upande mmoja, ingiza viwili, kisha upande wa pili. Sakafu kama ina nyufa au ni ya kabro, tandika plaiwudi nene kwanza, maana gurudumu dogo linakwama hata kwenye kokoto. Na vikishakuwa chini, hendibreki haina kazi tena. Hakikisha vina breki zake, au kabari kila kimoja.