Ushauri: transfoma gani inafaa taa za 12V kwenye jipsamu?

Mjenzi_Goba
Wakuu, habari za jioni. Sebule ina spotilaiti 6 za LED, MR16 za 12V, 5W kila moja. Swichi mbili, kila moja inawasha 3. Fundi kafunga transfoma mbili za elektroniki zilizoandikwa 20–60W, 12V~. Taa zinachezacheza, na tester inasoma mara 4V, mara 7V. Nataka pia mkanda wa LED wa mita 5, 14.4W kwa mita. Ninunue nini Kariakoo?

Volti12
Mkuu, tatizo ni hiyo 20. Taa 3 × 5W ni 15W. Hizo transfoma ni za halojeni (balbu za zamani zinazokula wati nyingi). Mzigo usipofika kiwango cha chini zinazima na kuwaka. Ukiambiwa uweke kubwa zaidi, kataa. Tester usiilaumu: umeme unaotoka hapo una masafa ya makumi ya kilohezi, nayo imezoea 50Hz.

Chukua pawa saplai ya LED, 12V DC (umeme usiogeuka mwelekeo, kama wa betri), 20W, moja kwa kila swichi. Soma kibandiko: baada ya 12V kuwe na kistari chenye vidoti chini yake, si kiwimbi (~), hicho ni cha AC. Ikiandikwa 300mA na volti 18–36, rudisha, hiyo ni draiva ya paneli, inashikilia ampea, si volti. Hakikisha na taa zenyewe zinakubali DC.

Mjenzi_Goba
Nimekuelewa. Na mkanda je? Kutoka pawa saplai hadi unapoanzia ni mita 8.

WayaMwekundu
72W kwa 12V ni ampea 6. Waya wa 1.5mm² kwa mita 8, kwenda na kurudi, unakula volti 1.2 hivi kabla hujafika kwenye mkanda, na ncha ya mwisho itafifia zaidi. Kama hujanunua, chukua mkanda wa 24V: ampea 3 tu, upotevu nusu volti na kitu. Pawa saplai 24V, 100W. Usiikamue ya 75W. Kama umeshanunua wa 12V, tumia 2.5mm² na ulishe ncha zote mbili. Chanya na hasi zisipishane.

Bati_Moto
Mmesahau joto. Juu ya jipsamu, chini ya bati, saa nane mchana ni tanuri. Kwenye kibandiko cha pawa saplai tafuta "ta" (nyuzi za juu kabisa za joto la hewa inayoizunguka): ikiwa ta 40, pale juu haidumu. Tafuta ta 50, na ingizo la 100–240V, maana umeme wa jioni hushuka. Usiilaze juu ya taa.

Mjenzi_Goba
Zitapita kwenye tundu la taa bila kukata jipsamu?

Volti12
Za 20W nyembamba zinapita tundu la milimita 70. Pima upana dukani kabla ya kulipa. Ya 100W haipiti, iweke kabatini ya TV.