Eti zebra ni ya punda milia, niende Manyara!

MamaTrei
Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Sketi ina ute wa mayai mpaka kwenye pindo. Huyu dereva wa kifodi, hizi daladala zetu ndogo za Arusha, mnamjua, msijifanye. Yule chalii wa honi inayolia kama mbuzi anayechinjwa, anayekata kona amekalia tako moja. Akipita Sanawari hata mbwa wanapanda ukutani.

Niko katikati ya zebra, trei mbili mkononi. Gari za upande huu zote zimesimama, hadi lori la mchanga limesimama. Yeye akatanua kushoto, akaja kama ameitwa na malaika mtoa roho. Nikaruka. Mayai hayakuruka. Sasa kuua mayai yangu ningesamehe, Mungu shahidi. Chalii akapunguza mwendo, akashusha kioo, akatoa kichwa:

"Shangazi, hiyo zebra ni ya punda milia. Ukitaka zebra nenda Manyara!"

Na abiria wakacheka! Mmoja namfahamu, tunasali naye.

Manyara! Mimi! Mayai sitini chini, ananielekeza mbugani kama mtalii!

Chalii_wa_Kijenge
Pole mama, ila nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Nauli ya Manyara alikupa?

MamaTrei
Wewe cheka tu. Siku akikwambia wewe uende Manyara utaona utamu wake.

Babu_Kanuni
Mleta mada, weka Manyara pembeni kidogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, haisubiri mtu afe. Kuendesha kwa hatari ni kosa lenyewe hata kama hajakugusa. Zebra lazima asimame, na kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Akidakwa na trafiki akamwandikia faini, elfu 30, kesho yuko barabarani. Lakini angekulaza pale, elfu 30 zisingemsaidia: anapandishwa kizimbani, jela ipo, leseni inaweza kufutwa, na mwenye gari unamdai fidia kwa pamoja naye. Namba za gari ulichukua?

MamaTrei
Namba ningechukuaje na kiini kiko kwenye nyusi? Nilichoondoka nacho ni Manyara tu.

Chalii_wa_Kijenge
Kiini kwenye nyusi 😂😂 Mods msifute huu uzi.

Suka_Mnyonge
Mnatusema sana sisi madereva. Bosi anataka hesabu jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Ukirudi pungufu, kesho funguo anapewa mwingine. Juzi nimepigwa tochi njia ya Usa River, nilikuwa 58. Hamsini na nane! Elfu 30 ikaenda, siku hiyo nyumbani tulikunywa uji. Nani alinifungulia uzi?

Babu_Kanuni
58 kwenye 50 ni kosa, mkuu. Uji haukuwa kwenye sheria.

Mangi_Kiboroloni
Nyie chekeni. Binamu yangu alimgonga mama mmoja huku Moshi, naye alikuwa "anawahi abiria". Mama hakufa, nyonga ilivunjika. Nilikwenda polisi mwenyewe na mtoto wa yule mama kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukakaa benchi moja, yeye ameshika kiatu kimoja cha mama yake na haongei. Bima ya gari ilikuwa imeisha siku nne. Siku NNE. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na ndiyo ingelipa. Matokeo yake ukoo ukakaa, kipande cha kihamba, shamba la ukoo, kikauzwa.

Mrina_OG
Ngoja ngoja. KIHAMBA kiliuzwa? Kwa nani? Wazee walikubali?

Mangi_Kiboroloni
Walifanyaje sasa? Mashangazi mpaka leo hawaji Krismasi.

Mrina_OG
Kihamba hakiuzwi, mangi. Mngeuza hata ng'ombe, hata hilo gari. Makaburi yaliyomo humo mmemwachia nani?

Suka_Mnyonge
Gari lenyewe la bosi, wangeuzaje?

Mama_Njiro
Hivi bodaboda mbona hawasemwi? Jana kapita juu ya kibaraza changu, kapita na kamba na nguo. Shuka langu jeupe limeonekana linapepea kuelekea mjini kama bendera.

Chalii_wa_Kijenge
Wa kwako alikwambia uende mbuga gani?

Mrina_OG
Jamani turudi kwenye kihamba.

Mama_Njiro
@MamaTrei hayo mayai ni ya kienyeji? Nina kipaimara Jumamosi, nataka trei tatu.

MamaTrei
Ya kienyeji kabisa mpenzi, njoo PM. Ila nakuletea mpaka upande huu wa barabara. Ng'ambo sivuki.

Suka_Mnyonge
Na ya kisasa unayo? Trei bei gani?