Mühle R41 hunikwaruza shingoni

Swali: Ndugu zangu, ninatumia mashine ya kunyolea ya mkono (isiyo ya umeme, ya kubadilisha wembe) ya Mühle R41 kutoka Ujerumani, ile yenye meno kama kitana. Mashavuni hunyoa safi kabisa, lakini shingoni huniachia mikwaruzo na vipele. Je, nibadilishe wembe au namna ya kuishika?

Jibu la kwanza: Anza na pembe, yaani jinsi wembe unavyolala kwenye ngozi, ndugu yangu. Katika R41 wembe umejitokeza kuliko katika mashine nyingi, hivyo kosa dogo la mkono huonekana papo hapo. Gusisha kifuniko cha juu kwenye ngozi huku mpini ukiwa umesimama mbali na uso, kisha ushushe polepole hadi usikie ndevu zikianza kukatika, na ubaki hapo hapo. Usikandamize hata kidogo. Uzito wa mashine yenyewe unatosha.

Jibu la pili: Nakubaliana naye, ila shingo ina tabia yake. Ndevu za hapo mara nyingi huota kuelekea juu au pembeni, kwa hiyo zipapase kwa vidole kabla ya kupaka povu ili ujue zinakoelekea. Vuta ngozi kidogo, nyoa kwa mikato mifupi kufuata uoto, na upake povu upya kabla ya kurudia. Kama ndevu zako ni za kujisokota, usinyoe kinyume cha uoto shingoni, kwa sababu unywele uliokatwa chini mno hujikunja na kuingia ndani ya ngozi, na vipele huanzia hapo.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana. Je, wembe mkali zaidi utanizidishia mikwaruzo?

Jibu la kwanza: Si lazima. Wembe butu ndio huvuta ndevu na kukushawishi ukandamize.