Mjadala: Mitandao mipya ya kamisheni itawaweza wakongwe?

Mwanzisha mada, Kisumu

Ndugu zangu, naomba hili tulijadili kwa uzito, maana kuanzia Kondele hadi Bungoma kuna vijana wanaolipia nyumba kwa kazi hii. Nazungumzia mitandao ya kuuza kwa kamisheni: unapewa linki ya bidhaa ya mtu, mnunuzi akiipitia na kununua, unapata asilimia yako. Ni udalali ule ule wa sokoni, ila dalali wa siku hizi anahesabiwa na kompyuta. Kila baada ya muda huzuka mtandao mpya wa hapa nyumbani ukisema utawapiku wakongwe wa nje kama Amazon, Awin na CJ (Commission Junction). Je, inawezekana?

Mimi nasema inawezekana, tena hapa kwetu kuliko kwingine. Na nasema hivyo ingawa mtandao mpya ulishaniumiza. Mwaka juzi mmoja ulifungwa ghafla ukiwa na shilingi 11,400 zangu, na simu zao hazikupokelewa tena. Sijasahau. Lakini kilichonipeleka kule bado kipo.

Napigia debe inkubeta, zile mashine za kutotolesha vifaranga. Mteja wangu wa kawaida ni mama wa Ugunja au Luanda anayefuga kuku. Anafungua linki yangu kwenye Facebook, anatazama picha, kisha anaona namba ya duka juu ya ukurasa. Anapiga. Anauliza kama mashine inaweza kutumia sola umeme ukipotea, anaomba apunguziwe, wanapatana, anatuma pesa kwa M-Pesa, mzigo unapakiwa kwenye matatu. Linki yangu haikuona lolote katika hayo. Kuna mwezi niliandika kwenye daftari kila aliyenipigia mimi kwanza nikamwelekeza dukani. Walionunua walikuwa saba. Kwenye akaunti yangu walionekana wawili.

Wakongwe walijengwa kwa ajili ya mnunuzi anayelipa kwa kadi pale pale kwenye tovuti. Amazon ilianza mpango wake 1996, na mteja akibofya linki yako una saa 24 tu za kuhesabiwa. Kamisheni yenyewe unaipata kama siku 60 baada ya mwezi kuisha, na ukitaka hundi sharti ufikishe dola 100. Sasa mama wa Ugunja hanunui ndani ya saa 24. Anangoja zamu yake kwenye chama. Atakayejua kumhesabu mama huyu, halafu anilipe kwa M-Pesa wiki hiyo hiyo, atakuwa amefanya jambo ambalo wakongwe hawajalifanya.

Mchangiaji, Nakuru

Pole kwa hasara, dada. Lakini hapa nakupinga.

Biashara hii inaenda na wingi. Wenye bidhaa hufuata mahali wapiga debe walipo, na wapiga debe hufuata mahali bidhaa zilipo. CJ iko sokoni tangu 1998, na mzunguko huo ilishaukamilisha zamani. Mtandao mpya unaanza mikono mitupu pande zote mbili. Google yenyewe, na fedha zote zile, ilikuwa na mtandao wake wa kamisheni ikaufunga 2013. ShareASale ya Chicago, iliyoanza 2000 na kupendwa sana na wauzaji wadogo, ilinunuliwa na Awin 2017, na kufikia 2025 wateja wake wakahamishiwa huko jina likazimwa. Kama hao walimezwa, kijana mwenye kompyuta moja pale Section 58 atasimama vipi?

Tena mimi naandika kuhusu vifaa vya kupigia picha, na wasomaji wangu wengi wako Marekani. Mtandao wa Kisumu utanipa bidhaa gani ya kuwauzia?

Mchangiaji, Bungoma

Mimi nina swali tu. Na kodi je? Tukilipwa na mtandao wa hapa si tutakatwa?

Mwanzisha mada, Kisumu

Ndugu wa Bungoma, ndiyo, utakatwa. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi wa Kenya, na kamisheni za namna hii zimetajwa humo. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 15. Mtandao wa hapa unakukata kabla pesa haijakufikia. Ukilipwa kutoka nje, usidhani umesamehewa. Jukumu la kutangaza mapato hayo kwa KRA ni lako.

Kaka wa Nakuru, kwa wasomaji wako wa Marekani huna sababu ya kuhama, nakubali kabisa. Ila ukubwa una machungu yake. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Mtu aliyejenga kazi yake yote juu ya vitanda na meza alipoteza zaidi ya nusu ya kipato, na hakuwa na wa kumlilia.

Halafu wapo wapya waliofaulu. Impact ilianza 2008, wakati CJ ilikuwa imeota mizizi miaka kumi, na leo inatajwa pamoja na wakubwa. Miongoni mwa walioianzisha walikuwamo watu walioijenga CJ yenyewe. Walikuwa wanajua mahali kiatu kinapobana. Hilo ndilo ninalotaka hapa: anayeanzisha awe ameshauza kwa WhatsApp, ameshabishana bei kwenye simu, ameshafuatilia mzigo uliokwama stejini.

Mchangiaji, Kakamega

Mnazungumza kama wapiga debe. Nisikilizeni mimi mwenye duka. Nauza simu na betri za sola.

Niliwahi kujiunga na mtandao mmoja wa hapa. Wiki ya kwanza niliona oda ishirini, zote za kulipa mzigo ukifika. Nikafurahi, nikatafuta boda boda wawili. Wateja tisa hawakupokea simu. Wengine watatu walisema hawajaagiza kitu. Kumbe mpiga debe alikuwa anaandika namba za watu wa kwao ili alipwe kwa kila oda. Nauli ya boda nililipa mimi. Wakongwe wana watu wa kuchunguza wizi wa aina hiyo. Hawa wapya walinijibu eti nivumilie. Mimi nilitoka.

Mwanzisha mada, Kisumu

Mzee, umegusa penyewe. Mtandao unaolipa kwa oda hapa kwetu utakufa, na unastahili kufa. Kamisheni ihesabiwe pesa ikishaingia.

Nikueleze tunavyofanya na mwenye duka la inkubeta tangu Februari. Kati ya namba mbili za biashara za kupokelea M-Pesa, aliacha Till akachukua Paybill, kwa sababu Paybill ina nafasi ya namba ya akaunti. Mteja nikimwelekeza kwake namwambia: pale kwenye akaunti andika KUKU7. Pesa ikiingia, KUKU7 inaonekana kwenye ujumbe wa malipo. Akipiga simu leo akalipa baada ya wiki tatu, bado nahesabiwa. Jumamosi jioni tunakaa na simu yake, tunasoma ujumbe mmoja mmoja, ananilipa. Wapo wanaosahau kuandika, na hao nawapoteza, lakini sipotezi tena watano kati ya saba.

Huu ni mtandao wa watu wawili na daftari. Vijana wa Maseno au Masinde Muliro wanaweza kuuandikia programu. Nisichoweza kukitatua ni kile kilichonila 11,400: mtandao uliniambia wenye maduka hawakuleta kamisheni, na sikuwa na njia ya kujua ukweli. Ndiyo maana nataka mwenye duka aweke amana ya kamisheni ya mwezi mmoja kabla linki ya kwanza haijatoka, na kila mpiga debe aone amana hiyo imebaki kiasi gani.

Mzee, ungekubali?

Mchangiaji, Kakamega

Ya wiki moja ningeweka hata kesho. Ya mwezi, hapana mwanangu. Pesa hiyo ndiyo ya kununulia mzigo.