Nimealikwa Peru: magofu ya Machu Picchu, halafu siku kumi za kujitolea. Niende?

BintiShangani: Asalaam aleikum. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa saba huu. Wageni wangu wa zamani wamenialika kwenye kundi lao la watu 12, Juni wanakwenda Peru. Siku nne mji wa Cusco na Machu Picchu, kisha siku kumi kijijini kusomesha watoto Kiingereza na kupaka rangi skuli. Tiketi ya ndege wananikatia wao, mie nitoe dola 900 za "ada ya kujitolea". Kihispania changu ni "hola" na "gracias" tu. Mama anasema hizo ni bati za nyumba. Nishaurini, ila msinivunje moyo.

Mkama_Ndume: Kwanza nikuulize, magofu ya Pujini huku Pemba ushayaona? Ya karne ya 15 hayo, rika moja na hiyo Machu Picchu.

BintiShangani: Nimeyaona mara mbili, na mara zote mbili nimetoka na upupu. Haya, wengine?

TichaWaKusini: Mie nasomesha skuli ya kijijini. Kila kiangazi cha Ulaya tunaletewa vijana wa kujitolea. Ukuta wa darasa la tatu ushapakwa rangi mara tatu ndani ya miaka minne, safari ya mwisho wakachora na twiga. Choo mpaka leo hakina mlango. Kila kundi linaanzia siku za wiki kwa Kiingereza, Monday, Tuesday, na watoto wanajifanya ndiyo kwanza wanazisikia, wasije wakawavunjia wageni furaha yao. Mtoto wa miaka minane anamhurumia mtu mzima!

Sasa nawe unataka kwenda kufanya hayo hayo kwa maneno mawili ya Kihispania, tena kwenye milima ambayo wengi majumbani wanazungumza Kikechua? Muulize mwenye kupanga safari: hiyo rangi nani kijijini kaiomba? Na katika hizo 900, skuli inapata ngapi? Wakikutajia kituo cha mayatima ndiyo usikubali kabisa, mtoto si wa kuzoeshwa mtu kisha akaachwa baada ya siku kumi.

Babu_Horombo: Hayo ya ualimu siyajui, mimi nasemea kimo. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi. Cusco iko kama mita 3,400, yaani unalala juu kuliko Mandara, karibu na Horombo, vile vituo vya kulala wapandaji wa Kilimanjaro, na wewe umetoka usawa wa bahari. Machu Picchu yenyewe iko chini zaidi, mita 2,430. Kwa hiyo mkitua Cusco msilale hapo, teremkeni Ollantaytambo siku mbili tatu, treni ya kwendea magofuni inapatikana hapo hapo, Cusco mkae mwisho. Kichwa kikigonga na ukaanza kutapika, shuka, usione haya. Watakupa chai ya majani ya koka, kwao ni halali kisheria, lakini hata jani moja usirudi nalo.

MamaNassor: Chanjo ya homa ya manjano mapema, siku kumi kabla ya safari angalau. Ukirudi kadi utaulizwa. Na viza uangalie ya kila kiwanja unachopita, si ya Peru tu. Mgeni akija kujitolea hapa kwetu anatakiwa kibali cha ukaazi cha daraja C hata kama halipwi senti, basi huko nako uliza kwa maandishi. Chakula usihofu, samaki, mayai na viazi vipo tele. Wakikuletea cuy, mnyama mdogo wa kuchoma, kinaletwa kizima na meno yake. Mie nilifunika uso na mtandio.

BintiShangani: Nimerudi. Niliwaandikia maswali ya Ticha. Wamejibu kazi "itapangwa tukifika", na mgawanyo wa pesa hawaujui, wanalipa kwa wakala. Nimewaambia nitakwenda nao magofuni, zile siku kumi nawaachia. Walinuna kidogo, lakini tiketi hawakuifuta, na wawili wamesema na wao watauliza. Mama kapewa bati zake. Lililobaki ni baridi, naambiwa usiku wa Juni Cusco unakaribia sifuri. Sweta zito Unguja napata wapi?

MamaNassor: Mitumba ya Darajani, balo likifunguliwa tu. Ukichelewa utakuta za watoto.