Je, kuhama Outlook kutatukinga na virusi vya viambatisho?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Ofisini tunatumia Outlook kwenye kompyuta za Windows, na mwenzetu mmoja anashikilia kwamba tuhamie Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, kwa kuwa virusi vya barua pepe viliilenga Outlook tangu mwanzo. Kila siku tunapokea ankara na wasifu wa waombaji kazi kutoka kwa watu tusiowajua, kwa hiyo ushauri wa kutofungua viambatisho hautufai. Je, kuhama kutasaidia?

Jibu la kwanza
Ndugu, mwenzenu hakukosea, ila anasimulia mambo ya zamani. Kirusi cha Melissa, kilichoenea Machi 1999, kilikuwa makro (amri zinazojiendesha) ndani ya hati ya Word, nacho kiliitumia Outlook kujituma kwa anwani 50 za mwanzo. Kile cha ILOVEYOU, cha Mei 2000, kilijituma kwa anwani zote zilizohifadhiwa. Baada ya hapo Outlook ilianza kuzuia faili za aina ya .exe, .vbs na .js, yaani faili zinazoendesha programu, zisifunguliwe kabisa, na katika hilo ni kali kuliko Thunderbird. Kinachodhuru ni programu inayofungua kiambatisho, si ile iliyokipokea: ukihifadhi hati kutoka Thunderbird kisha ukaifungua kwa Word, Word ni ile ile na makro ni zile zile.

Jibu la pili
Naafiki, lakini kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza, nami naliona kubwa kuliko mjadala wa programu. Faili ya ILOVEYOU iliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa sababu Windows huficha herufi zinazofuata nukta ya mwisho, watu wengi waliona .TXT tu wakadhani ni maandishi matupu. Mpangilio huo ungalipo hadi leo. Katika Windows 11 fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, halafu weka alama kwenye File name extensions. Hapo ankara inayojiita .pdf itaonekana kuwa .pdf.exe. Tangu Microsoft ilipoanza, mwaka 2022, kuzuia makro za faili zitokazo kwenye intaneti, wahalifu wamehamia faili za .iso (nakala ya diski nzima) na .lnk (njia ya mkato ya kufungua programu), ambazo hakuna mwombaji kazi mwenye sababu ya kuzituma. Pia kuna zip (faili iliyobana faili nyingine ndani yake) iliyofungwa kwa nenosiri, na nenosiri lenyewe limeandikwa katika barua ile ile: aliyefanya hivyo kwa kawaida anataka kizuia virusi cha seva kisione kilichomo ndani. Hiyo mimi huifuta bila kuuliza.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na wanaotushauri tuachane na programu zote, tusome barua kwenye kivinjari?

Jibu la kwanza
Kwa kazi yenu, ushauri huo una maana. Gmail, kwa mfano, hukuonyesha hati ndani ya kivinjari bila kuipakua kwenye kompyuta yako, na hukataa faili za .exe hata zikiwa ndani ya zip ya kawaida. Hata hivyo, kivinjari hakikukingi na kiambatisho cha .html kinachofungua ukurasa bandia wa kuingilia, unaofanana kabisa na ule mliouzoea, ili kuiba nenosiri. Dhidi ya hicho, washeni uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai uthibitisho wa pili zaidi ya nenosiri. Mkipendelea kubaki na Outlook, bakini nayo, mradi isasishwe, wafanyakazi wasitumie akaunti ya msimamizi (yenye ruhusa zote za kompyuta) kwa kazi za kila siku, na nakala rudufu ikae kwenye diski inayochomolewa mara inapomaliza kunakili, kwa sababu programu za kudai fidia, zinazofunga faili zako kwa msimbo hadi ulipe, husimba pia diski zote zilizochomekwa.